Kabla ya kupandisha kodi, ijue nyumba ni ya nani

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, nakaa Kwamtipura. Marehemu mume wangu alituachia nyumba ya vyumba sita. Mimi na wanangu wawili, wa kiume na wa kike, tunatumia vitatu. Vitatu vilivyobaki vina wapangaji. Mmoja yupo tokea enzi za marehemu, huu mwaka wa tisa, na analipa elfu sitini kwa mwezi. Wa pili analipa elfu themanini, wa tatu laki moja. Nimemwambia yule wa elfu sitini kuwa mwezi ujao atoe laki. Amekataa, anasema Zanzibar kuna sheria ya kodi za nyumba na nikimsumbua atanishitaki. Mwanangu wa kiume ananambia nimkatie umeme, maana mita ni moja, na akizidi nimtie kufuli akiwa kazini. Mpangaji huyo anafanya kazi hoteli ya Kiwengwa, harudi mpaka wiki iishe. Hapo hapo watoto wa marehemu kwa mke wake wa kwanza, Mungu amrehemu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wameanza kuuliza kodi inakwenda wapi. Na kila nikifungua redio nasikia watu wanataka serikali ipange kodi. Basi sheria inamlinda nani, mimi au mpangaji?

JIBU

Waalaykum salaam, Mwalimu. Lile la watoto wa marehemu umelitaja kwa kupita tu, na ndilo zito kuliko yote uliyoandika. Nitalifikia. Naanza na kufuli, kwa sababu kufuli halingoji.

Mwambie mwanao aliache kabisa. Mtu aliyeingia chumbani kwa ridhaa ya mwenye nyumba anatoka kwa makubaliano au kwa amri ya chombo chenye mamlaka ya kuitoa. Hatoki kwa kufuli, kwa kung'olewa mlango, wala kwa kuezuliwa bati. Leo wewe ndiye mwenye lalamiko. Ukimfungia, kesho yeye ndiye mwenye lalamiko, tena zito kuliko lako. Atasema ndani mlikuwa na televisheni, godoro jipya na mkufu wa mkewe wa dhahabu. Nani atabisha, ikiwa ufunguo ulikuwa kwako? Nimeona wenye nyumba waliokuwa na haki yao kamili ya kodi ya miezi minne wakitoka kwenye shauri wao ndio wanaolipa, kwa ajili ya usiku mmoja wa hasira.

Kukata umeme ni kufuli hilo hilo kwa mlango wa nyuma. Khasa mita ya TUKUZA, ya umeme wa kulipia kabla, ikiwa moja na wapangaji wanachangia kununua uniti, maana hapo unamzimia mtu umeme aliokwisha kuulipia. Ukipata uwezo siku moja, kila chumba kiwe na mita yake. Katika ugomvi wa nyumba za uani niliopata kuusikiliza, mwingi ulianza kwenye pasi na friji, ndio ukaishia kwenye kodi.

Sasa tuje kwenye nyumba. Umeandika "marehemu alituachia". Hilo "tu" ni nani? Ukifika mbele ya bodi ya mizozo ya kodi au hakimu kudai kodi, utaulizwa kwanza wewe ni nani kwa nyumba hii, kabla hata jina la mpangaji halijatajwa. Na kwa maelezo yako, wewe ni mmoja wa warithi sita.

Nichukulie kuwa wazazi wa marehemu hawako hai, madeni yake yamelipwa na hakuacha wasia. Kwa mirathi ya Kiislamu, mke aliyeachwa na mume mwenye watoto anapata thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Zinazobaki saba wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, na hapa haiangaliwi nani mama yake nani. Wanaume ni watatu, mmoja wako na wawili wa mwenzio. Wanawake ni wawili. Ukiigawa nyumba mafungu 64, yako ni 8, kila mwanamume 14, kila mwanamke 7.

Tia pesa humo ndani. Vyumba vitatu vinaingiza laki mbili na arubaini elfu kwa mwezi. Fungu lako ni elfu thelathini. Kila mtoto wa kiume ana elfu hamsini na mbili na mia tano, kila wa kike elfu ishirini na sita na mia mbili na hamsini. Na vyumba mnavyokaa nyinyi navyo ni vya warithi wote sita, ingawa havina mpangaji.

Halafu rudi kwenye ugomvi wako. Unataka kumpandishia mtu elfu arubaini. Katika hizo, zako kwa haki ni elfu tano. Ukiongeza na za wanao wawili inafika elfu kumi na nane na ushei. Zaidi ya nusu ya nyongeza unayoipigania ni ya watoto wa mwenzio, ambao hukuwauliza wala hawakukutuma. Sisemi usiidai. Nasema kabla hujagombana na jirani wa miaka tisa, ujue unagombana kwa pesa ya nani.

Najua haya si mepesi kuyasikia. Wewe ndiye uliyemuuguza marehemu, wewe ndiye uliyekuwa ukiita fundi bati likivuja, na hao wanaouliza leo hawakuonekana mvua ya masika ilipokuwa inaingia ukumbini. Hayo yana uzito. Gharama za matengenezo ulizotoa mfukoni zinatolewa kwanza kwenye kodi kabla ya mgao, na hapa ndipo stakabadhi za saruji, rangi na ujira wa fundi zinapokuwa na thamani. Kama huna, kaa na huyo fundi, muandike kwa pamoja kazi alizofanya na mwaka wa kila moja, na atie saini angali anakumbuka.

Mlango wa kuingilia ni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo ndiyo inayosimamia mirathi ya Waislamu hapa Zanzibar. Nendeni nyote sita, msiende makundi mawili. Mkiandikiwa mafungu yenu mnaweza kukubaliana wenyewe namna ya kuyatumia. Warithi wakiridhiana, mmoja anaweza kujitoa kwa kulipwa kitu, ndicho masheikh wanachokiita takharuj. Au mkaamua wewe ubaki na vyumba unavyokaa, kodi ya vitatu igawanywe kwa wao zaidi kuliko kwako. Au nyote mnampa mtu mmoja wakala wa maandishi, awe wewe au mwengine, wa kukusanya kodi na kusimamia nyumba. Huyo ndiye atakayezungumza na mpangaji, na neno lake litakuwa na miguu. Mkishindwa kabisa kuafikiana juu ya umiliki wenyewe, ipo Mahakama ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Huko ni mbali na kuna foleni. Msifike.

Mpangaji naye amefiwa na mwenye nyumba wake. Je, mkataba wake ulikufa na marehemu? Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoyafuata, ijara, yaani mkataba wa kukodi, haivunjiki kwa kifo cha mmoja wao. Wenzetu wa Hanafi wanasema inavunjika. Kwetu, basi, warithi wanaurithi na mkataba: wanaipokea nyumba ikiwa na mtu ndani, kwa masharti aliyoingilia. Lakini mkataba wake ni wa mwezi hadi mwezi, na ijara ya mwezi masharti yake yanaweza kubadilishwa mwezi ukimalizika, kwa taarifa. Hawezi kukwambia kuwa elfu sitini ni ya maisha kwa sababu marehemu ndiye aliyeitaja.

Na hiyo sheria anayokutishia nayo? Ipo, hajasema uongo. Zanzibar tuna dikrii ya kudhibiti kodi za nyumba tangu zama za Mwingereza, na bodi ya kusikiliza mizozo ya kodi. Wenzetu wa Bara walikuwa na sheria yao ya mwaka 1984, wakaifuta mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wa Dar es Salaam wanategemea zaidi kile walichoandikiana. Ndugu yako wa Temeke akikushauri juu ya kodi, msikilize kwa adabu, kisha ukumbuke kuwa anazungumzia nchi yenye kanuni nyengine.

Sheria za aina hii kwa kawaida hufanana. Kodi haipandi kwa neno la mdomo, na mpangaji anayelipa hatolewi bila sababu inayokubalika: hakulipa, ameharibu, amekodisha kwa mtu mwengine bila ridhaa, au mwenye nyumba anakitaka chumba kwa matumizi yake ya kweli. Hazisemi mpangaji asilipe, wala hazimgeuzi kuwa mwenye nyumba. Hofu niliyoizoea kwa wazee wa mitaani, kuwa ukimwandikia mtu mkataba atakuja kukunyang'anya nyumba, ni kinyume cha mambo. Karatasi iliyosema "mpangaji, chumba kimoja, kwa mwezi" ndiyo inayomzuia mtu kuja kudai miaka ishirini baadaye kuwa alinunua au alipewa.

Umesikia redioni watu wakitaka serikali ipange kodi. Hapa nina maoni yangu, na wapo watakaonikasirikia.

Mji huu umewahi kupigania kodi kwa ukali kuliko watu wanavyokumbuka. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, waligoma kulipa kodi ya ardhi. Vibanda vilikuwa vyao, ardhi chini yake ilikuwa ya matajiri na ya wakfu, na wenye ardhi walikuwa wanapandisha wanavyotaka. Waliokataa wakafungwa, umati ukavamia gereza kuwatoa wenzao, na mwisho serikali ya Kiingereza ikaweka mipaka ya kodi hiyo kwa dikrii. Watu husimulia habari hii kama ushindi wa wapangaji. Tazama vizuri waliogoma: walikuwa wenye nyumba! Watu wenye kibanda cha udongo na makuti, miongoni mwao wanawake wengi, waliokuwa wakikodisha chumba kimoja au viwili ili wapate chochote. Watu kama wewe, Mwalimu. Mwenye nyumba mdogo na mpangaji wake walikuwa ukumbi mmoja, na mgomvi wao alikuwa nje ya mlango.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo yakageuka. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikawa mikononi mwa serikali, nyengine zikabaki za wakfu. Yakajengwa majumba ya Michenzani na Kikwajuni, na Pemba nako yakajengwa ya kwao, na watu wakapewa wakae. Kizazi kizima kikakua kikijua kuwa nyumba ni kitu cha kupewa. Sikicheki kizazi hicho, nami nimelala miaka yangu ya skuli kwenye ghorofa ya Michenzani, kwa shangazi, watu tisa vyumba viwili. Lakini nenda Mji Mkongwe uone kodi ndogo ilichofanya. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye boriti za mikoko, haivumilii maji. Bati likitoboka na likaachwa masika mawili, boriti inaoza pale inapoingia ukutani, na siku moja dari iko chini. Nyumba inayoingiza kodi isiyonunua hata bati moja kwa mwaka itatengenezwa na nani? Mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na bado kuta zinaanguka. Dhidi ya kodi kubwa wapangaji wake walilindwa. Dhidi ya dari hakuna aliyewalinda.

Kenya wanatufundisha upande wa pili. Sheria yao ya kudhibiti kodi iliandika tarakimu: inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za kwao kwa mwezi. Miaka ikapita, pesa ikashuka thamani, tarakimu ikabaki pale pale. Leo chumba cha bei hiyo Nairobi mjini ni cha kutafutwa kwa tochi, na sheria imebaki inalinda watu wachache mno. Ndiyo sababu nikisikia "serikali ipange kodi iwe kiasi fulani", nauliza nani ataibadilisha hiyo kiasi fulani mwaka wa tano.

Halafu angalia watu. Katika sensa ya 2012, Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Sensa ya 2022 ukawa na 893,169. Karibu laki tatu zaidi kwa miaka kumi, na waliobaki Zanzibar nzima, Pemba yote ikiwemo, hawafiki milioni moja. Laki tatu hao hawakulala kwenye majumba ya Fumba wala kwenye fleti za Shirika la Nyumba. Wamelala Kwarara, Kinuni, Fuoni, Tomondo, Chumbuni, na uani kwako. Waliowapa pa kulala ni walimu wastaafu, mabaharia waliorudi, na wajane walioongeza chumba kwa kiinua mgongo. Ukiweka bei ya lazima kwa watu hao, watakachofanya ni kuacha kujenga chumba cha tatu. Wenye nyumba za pwani na za Mji Mkongwe wana njia nyengine, wanawapangisha wageni kwa usiku na vyumba hivyo vinatoweka kwa wenyeji. Hao kwangu ni mas'ala mbali, na ningependa serikali iwabane wao kwanza kabla ya kuja Kwamtipura.

Ninachokitaka mimi ni kidogo kuliko bei, na naamini kingefaa zaidi. Nyongeza yoyote iwe na taarifa ya miezi mitatu kwa maandishi. Kufunga mtu nje kuwe na adhabu inayojulikana mpaka mtaani. Mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, upatikane kwa sheha. Na bodi iwafikie watu, maana mtu wa Micheweni, kule Pemba, mwenye ugomvi wa elfu arubaini hawezi kupoteza siku tatu na nauli ya boti. Kodi ya miezi sita mkupuo ningeiacha watu waelewane wenyewe, ila nasema wazi kuwa naichukia.

Sasa mpangaji wako. Miaka tisa kwa bei moja si haki kwako, na ukinitaka niseme mbele yake nitasema. Chumba chake kinachakaa kama vyengine, na fundi hachukui ujira wa mwaka ule. Lakini kutoka sitini hadi laki kwa mwezi mmoja ni kuongeza theluthi mbili ya kodi yake kwa usiku mmoja, na hakuna bodi itakayokupongeza. Tena ni mtu wa hoteli. Wewe unajua Kiwengwa ikoje mwezi wa nne na wa tano: masika yanaingia, wageni wanapungua, hoteli nyengine zinafunga kabisa na wafanyakazi wanarudishwa nyumbani bila mshahara. Nyongeza inayoanza Aprili kwa mtu kama huyo ni notisi ya kuhama iliyovaa kanzu. Ianze mwezi wa saba, msimu ukifunguka.

Ningekuwa mimi, ningemwita barazani, warithi wakiwa wamekwisha kukubaliana, na ningemfikisha themanini kama mwenzake wa chumba cha pili, kwa barua ya miezi mitatu. Mwaka mmoja baadaye tukazungumza tena, na safari hiyo mkononi niwe na kitu nilichokifanya: choo kilichosakafiwa upya, karo lililonyonywa, au mita yake mwenyewe. Mpangaji anayelipa bila kukumbushwa kwa miaka tisa ana thamani yake. Ukimtoa, dalali atataka chake, chumba kitakaa kitupu mwezi au miwili, na atakayeingia humjui. Kwa laki moja kwa mwezi, miezi miwili mitupu inakula nyongeza ya elfu arubaini ya miezi mitano.

Akikataa hata themanini? Hapo wewe ndiye unayekwenda bodini, hungoji akupeleke. Kabla ya hapo mpite kwa sheha. Sheha si hakimu, hawezi kumhamisha mtu wala kupanga kodi, lakini anawajua wakaazi wake, anaweza kuwasuluhisha, na barua yake kuwa mlijaribu kuelewana inasaidia mbele ya safari. Kumbuka tu kuwa sheha pia ni jirani na binamu wa mtu. Yakiandikwa maafikiano mbele yake, kila mmoja aondoke na nakala.

Nunua daftari la risiti lenye karatasi ya kaboni, yale ya duka la vitabu, si la gharama. Kila kodi inapoingia, andika tarehe, chumba, mwezi unaolipiwa, kiasi, na saini mbili. Anayelipa kwa simu, ujumbe usifutwe, na risiti iandikwe vile vile. Anza na mwezi huu, hata kabla mirathi haijakamilika, na andika kuwa unapokea kwa niaba ya warithi wa marehemu. Maneno hayo matano au sita yatakusaidia siku watoto wa mwenzio watakapouliza tena, na watauliza. Kuhusu miezi iliyopita, wape hesabu unayoikumbuka, pamoja na kile ulichotumia. Hesabu pungufu iliyotolewa kwa hiari inapokewa vyengine kabisa na ile iliyotolewa kwa kushitakiwa.

Ukienda Kamisheni chukua cheti cha kifo, hati yako ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watano, na karatasi zozote za nyumba, hata kama ni mauziano ya zamani yaliyoandikwa kwa mkono na mashahidi wake wamekufa. Mwanao wa kiume umpe kazi ya kuwapigia simu ndugu zake wa upande wa pili na kupanga siku. Na mpangaji, mpaka hapo, aendelee kutoa elfu sitini yake, umpe risiti.